Kabla hujaandika "tashihisi", uliza nani anasema

Nikiwa kidato cha nne nilipoteza alama za ushairi kwa kujua mengi. Nilikuwa nimekariri orodha nzima: tashbihi, istiari, takriri, nidaa. Nikaimwaga yote kwenye karatasi. Mwalimu aliandika neno moja tu kwa kalamu nyekundu: "Halafu?"

Nililikumbuka Jumapili, mpwa wangu alipokuja na kitabu chake cha fasihi. Nilimpa ubeti niliotunga mwenyewe, baada ya kuvuka Mto Nairobi upande wa Gikomba na mtoto wa jirani, miaka 5, nimemshika mkono. Aliyatazama yale maji, akaniuliza kama mto unaumwa.

Mto mbona unalia, nani kakutia taka?
Jana uliniimbia, maji yako yakicheka,
Leo hunisalimia, kaniki umejivika,
Ningoje nitakujia, nikuoshe ukitaka.

"Tashihisi," akasema papo hapo. "Mto umepewa sifa za mtu: unalia, maji yanacheka. Imeisha, anti."

Haijaisha. Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, hapa ni mtoto, na kwa mtoto mto huimba kweli, hununa kweli. Mtu mzima akisema mto unalia, anapamba. Mtoto anaripoti. Hata lile swali la kwanza, ambalo wengi wataliita balagha, swali lisilotaka jibu, na kusonga mbele, yeye amesimama pale anasubiri jibu. Ukiandika hivyo kwenye karatasi ya tatu, ile ya fasihi, mtahini ataona umelisoma shairi.

Kisha kaniki. Ni istiari: maji machafu yamekuwa nguo nyeusi. Ukiifuta uweke "maji yako yamechafuka", maana inabaki lakini picha inakufa. Mimi hupima hivyo kila tamathali: ifute, uone kinachoanguka. Kisipoanguka chochote, usihangaike nayo sana.

Mstari wa mwisho una kinaya, na ndio ninaoupenda. Maji ndiyo huosha watu. Hapa mtoto anataka kuyaosha maji. Tena ya mto ambao jina lake, kwa Kimaasai, ni maji baridi.

Uhuru wa mshairi, ile ruhusa ya kukiuka kanuni za lugha, hauna siri, hesabu kwa vidole. Kila kipande, yaani nusu ya mstari, kina mizani (silabi) 8. "Nani amekutia taka" ni 9, kwa hiyo "ame" imekuwa "ka": inkisari, kufupisha neno. "Kaniki umejivika" badala ya "umejivika kaniki" ni kuboronga sarufi, ili kina cha "ka" kikae mwisho. Taja kifungu chenyewe, useme kilifanyiwa hivyo kwa nini. Vina vyenyewe havihitaji hadithi ndefu.

Mpwa wangu alihesabu mstari wa nne, akanyamaza kidogo. Nikakiri mwenyewe kwamba "ukitaka" niliitia kujaza kina, sikuwa na wazo lolote.

"Hapana, anti," akasema. "Mtoto anauomba mto ruhusa kwanza. Ana adabu kuliko waliotupa taka."

Nikachukua kalamu nyekundu, nikampa alama zote.