Mafumbo ya makundi: waangalie walioachwa nje

Nilipokuwa najiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, mafumbo ya mantiki ndiyo yaliyoninyima usingizi. Dakika 35, mafumbo manne. Ukigawa, hata dakika tisa kwa fumbo moja hazifiki. Yale ya kupanga watu kwa foleni niliyamudu mapema. Ya makundi, nani achaguliwe na nani aachwe, yalinitesa kwa miezi, kwa sababu moja tu: nilikuwa nachora waliochaguliwa peke yao.

Chukua mfano huu niliotunga. Watu saba: A, B, C, D, F, H na J. Wanne wanaingia kwenye kamati, watatu wanabaki nje. A akiwemo, B hayumo. C akiwemo, D yumo. F asipokuwemo, H yumo.

Piga mstari wima katikati ya karatasi. Kushoto weka vistari vinne vya waliomo, kulia vitatu vya walio nje. Maswali yaache kwanza. Sharti la kwanza linamaanisha A na B hawawezi kuwemo pamoja, kwa hiyo angalau mmoja yuko nje: andika A/B kwenye kistari kimoja cha kulia. Nje zimebaki nafasi mbili. Sharti la pili ligeuze na ulikanushe: D asipokuwemo, C naye hayumo. Sasa tazama kulia. D akitoka anatoka na C, na ukijumlisha yule mmoja wa A/B, nje kumejaa. Waliomo ni F, H, J na yule mwingine wa A/B, hakuna cha kubahatisha. Swali likianza na "ikiwa D hakuchaguliwa", jibu unalo tayari.

Sharti la tatu ndilo lililoniumiza. Nililisoma kana kwamba F na H hawakai pamoja. Sivyo kabisa! Linachokataza ni wote wawili kukosekana; kuwemo pamoja ni ruksa. Siku moja kwenye mazoezi nilikosa maswali manne ya fumbo moja kwa kosa hilo hilo, na machozi yakanitoka pale mezani. Tangu hapo sharti la aina hii naliandika F/H kwenye kistari cha ndani, na pembeni yake: "wote wawili sawa".

Tangu Agosti 2024 sehemu ya mafumbo imeondolewa kwenye LSAT. Hata hivyo sehemu ya kupima hoja bado imejaa sentensi za "ikiwa" na "isipokuwa", na anayeshindwa kugeuza na kukanusha anaangukia humo humo. Ndiyo maana vijana ninaowasaidia bado nawapa fumbo moja la zamani kila jioni, bila kutazama saa, na sikubali waguse swali la kwanza kabla hawajanieleza kwa mdomo nani hawezi kukaa nje na nani.