Mzee wa Santuri Anajibu: Yule Mama wa Kinshasa

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Nina saluni Nkuhungu, Dodoma. Juzi msaidizi wangu alituonyesha kwenye simu video ya mama mmoja anaimba uwanjani Kinshasa, watu wamefurika. Anasema ni Mkongo. Nikamwambia hicho si Kilingala. Tumewekeana nyama ya mbuzi mnadani Msalato. Nani anunue?
Mama Saluni

JIBU: Marahaba mama. Anunue msaidizi. Huyo ni Celia Cruz, Mkuba, mzaliwa wa Havana mwaka 1925. Baba yake alimtaka awe mwalimu, na ualimu alisomea, ila mashindano ya kuimba redioni yakamteka. Mwaka 1950 aliingia Sonora Matancera, bendi ya Kuba, kushika nafasi ya mwimbaji Myrta Silva. Mashabiki walinuna mwanzoni, wakaja kuzoea.

Video yenu ni ya Septemba 1974. Tamasha lile liliandaliwa liende sambamba na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi Oktoba 30, muziki haukungoja. Celia alikuja na Fania All Stars, bendi ya salsa ya New York, chini ya Johnny Pacheco. Urudie wimbo wa Quimbara pale unapoanza: maneno yanamtoka mfululizo kama karanga zinazomiminwa kwenye ungo, na hapotezi pigo hata moja. Msaidizi wako msimcheke sana. Rumba ya Kongo yenyewe ilinyonya santuri za Kuba, kwa hiyo sikio lake halikwenda mbali.

Kwao lakini hakuwa na njia. Julai 1960 aliondoka na bendi kwenda Meksiko, hakurudi tena kuishi. Mama yake alipofariki mwaka 1962, serikali ya Fidel Castro kule Kuba ilimkatalia kwenda kuzika. Sisi tunaosafiri usiku kucha kuwahi msiba kijijini tunajua hilo lina uzito gani. Mwaka 1990 aliimba Guantánamo, kambi ya jeshi la Wamarekani iliyo kwenye ardhi ya Kuba, akachota udongo wa Kuba, na alipofariki New Jersey mwaka 2003 akazikwa nao.

Ukitaka sauti yake ya ujanani, tafuta nyimbo za Sonora Matancera za miaka ya 50. Kwenye tarumbeta humo yumo Pedro Knight, aliyemuoa mwaka 1962 na baadaye akaiweka tarumbeta kando ili asimamie kazi za mkewe. Wanaume wa bendi wenye moyo huo, mama, nimewaona wachache.