Kura ya urais wa chama cha kitaaluma: kabla hujamchagua mtu, soma mahudhurio

Mkuu, umeuliza umpe nani kati ya yule msemaji hodari anayejulikana na kila mtu na yule mama mkimya aliyekaa kwenye kamati miaka 6. Mimi nimeshapiga kura kwenye chama chetu mara 4, na mbili za mwanzo nilizijutia.

Ya kwanza nilimpa jamaa aliyeahidi kupunguza ada ya mwaka kwa nusu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, hakuna aliyefungua katiba. Kumbe kwetu ada hupangwa na mkutano mkuu, tena kwa theluthi mbili ya kura, na rais ana kura yake moja kama mimi. Sidhani kama alitudanganya, naamini naye hakuwa ameisoma. Muhula mzima tukalumbana juu ya jambo asilokuwa na mamlaka nalo, huku kamati ya mafunzo ikikaa bila mwenyekiti. Siku hizi mgombea akiniahidi kitu namuuliza ni kifungu gani kinampa nguvu hiyo. Wengine hununa.

Ya pili nilimpa mtu aliyenifundisha kazi. Ilikuwa shukrani, si kura. Tuiache.

Ya tatu ndipo nikapata akili. Nilimwomba katibu kumbukumbu za vikao vya baraza za miaka miwili, nikazisoma jioni mbili. Zinachosha, sikufichi. Ila pale mwanzo kuna orodha: waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiohudhuria. Mgombea ambaye wapambe wake walikuwa wamejaza picha zake kila kona alikuwa amehudhuria vikao 3 kati ya 11. Mwingine, dada ambaye hata jina lake sikulijua, hakukosa hata kimoja. Na vikao vitatu mfululizo aliuliza swali lilelile: masurufu ya semina, yaani fedha zilizotolewa mapema kwa matumizi, yamerejeshwa? Kikao cha nne yakarejeshwa. Nikampa kura.

Alishindwa, tena vibaya. Uchaguzi uliofuata akagombea uweka hazina, nafasi ambayo hakuna anayeipigania kwa sababu haina kipaza sauti, akapita bila kupingwa. Mwaka huo kwa mara ya kwanza taarifa ya mkaguzi wa hesabu ilitufikia wiki 3 kabla ya mkutano mkuu, badala ya kugawiwa mlangoni tukiwa tunaingia. Kwa hiyo na wewe usitazame urais peke yake. Tazama nani anashika funguo za fedha.

Umeuliza pia kama kumpa mgombea asiye na nafasi ni kupoteza kura. Inategemea kanuni zenu. Kama kila mtu anachagua jina moja na wagombea ni watatu, wawili wenye msimamo unaofanana wanaweza kugawana kura, wa tatu akapita kwa kura chache. IEEE, chama cha wahandisi, kiliwahi kuruhusu wanachama kuweka alama kwa kila mgombea wanayemkubali, njia inayopunguza kugawana kura hivyo, kisha 2002 kikaachana na utaratibu huo. Kama kwenu ni jina moja, zungumzeni mapema ili mmoja wa hao wawili wenye msimamo unaofanana ajitoe. Siku ya kura mtakuwa mmechelewa.

Kesho mwandikie katibu barua ya kuomba kumbukumbu, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakikupa, rudi utuambie huyo msemaji wako amehudhuria vikao vingapi.