Samaki wa bei ya kutupa: kabla hujatoa hela, uliza wamekufa na nini

Juzi dada mmoja kutoka upande wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, ameniandikia. Maji ya mwaloni kwao, pale mitumbwi inaposhushia samaki, yamegeuka kijani, yana utando juu, na sato wanauzwa nusu ya bei. Ana kibanda cha kukaanga samaki, ana mtoto anayenyonya, na anataka kujua kama anunue au aache. Tumeshaongea kwa simu, lakini maswali ya namna hii nayapata kila msimu, kwa hiyo leo naandika kirefu, hasa kwa ninyi wenzangu mnaotaka biashara ya samaki iwatoe kimaisha.

Mimi nauza samaki Musoma. Machi 2022 samaki walipokufa Mto Mara nilikuwa sokoni, na ile habari mpaka leo inaniuma. Nilikwenda mwenyewe daraja la Kirumi. Maji yalikuwa meusi, yananuka kama shimo la choo lililofumuliwa, na samaki wameelea wamelala ubavu, midomo wazi, mashavu yametanuka. Serikali ikazuia watu kutumia maji ya mto na kula samaki wake. Watu wengi waliunyooshea kidole mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikaja kusema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, oksijeni ikaisha majini. Waliokubali walikubali, waliokataa wanakataa hadi leo.

Huku nyuma soko likafa. Mimi samaki wangu walitoka ziwani mbali, kwa mvuvi ninayemjua, lakini mteja wangu wa miaka mingi, mwenye mgahawa, alinirudishia tenga zima mbele ya watu akisema nawauzia mizoga. Nilinyamaza. Usiku akaja dalali na magunia ya samaki ambao hakutaka kusema wametoka wapi, bei ya kutupa, akaniambia nikiwabanika hakuna atakayejua. Nilimfukuza. Wapo walionunua. Yule mwenye mgahawa amerudi, ananunua kwangu tena, na kuomba radhi hajaomba, lakini anajua na mimi najua. Jina langu sikuliuza, na hilo nalisema kwa kujivuna.

Nilichojifunza tangu hapo ni kwamba kuuliza "maji ni machafu?" hakukufikishi popote. Uliza ni uchafu gani, ni samaki gani, na sehemu gani ya samaki unayokula.

Samaki akifa kwa kukosa hewa, hajanyweshwa sumu. Ziwani hutokea upepo ukivuruga maji ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda juu. Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikufa hivyo upande wa Uganda, na Novemba 2022 wanaofuga samaki kwenye vizimba upande wa Kisumu wakapoteza sato kwa hasara kubwa. Hata Mto Mara wenyewe, huko juu Kenya, wataalamu walionyesha mwaka 2018 kwamba kinyesi cha viboko kikisukumwa na maji ya mvua humaliza hewa na kuua samaki. Sangara hukata roho mapema, kamongo anapanda juu kuvuta hewa yake anaishi. Ukiona sangara wamekufa na kamongo wazima, kuna uwezekano ni hewa. Ukiona kila kitu kimekufa, kamongo na vyura humo humo, kimbia. Lakini hata aliyekufa kwa hewa usimle: hujui ameelea tangu lini, jua limempiga kiasi gani, na maji yaliyomuua yamejaa vijidudu vya kinyesi.

Sumu ya kuvulia ni habari nyingine. Wenye umri wangu tunakumbuka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu watu walikuwa wanamwaga dawa za mashambani majini ili wapate samaki kirahisi. Viwanda vikasimama, na sisi wa chini tukaumia zaidi. Sokoni utaambiwa inzi hatui kwenye samaki wa sumu. Usimwamini inzi! Mjue mvuvi, ujue kavua kwa wavu gani na maji gani.

Zebaki ndiyo inayonitisha kuliko zote, kwa kuwa haionekani. Wachenjuaji wa dhahabu wanaitumia, inashuka na maji mpaka kwenye tope, vijidudu vya tope vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, wadudu wanaila, samaki wadogo wanawala wadudu, sangara anawala wadogo, na kila hatua inazidi kujikusanya. Haipungui kwa kukaanga, kubanika wala kuweka ndimu, maana imo ndani ya nyama yenyewe. Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki uligunduliwa 1956 kutokana na maji ya kiwanda, na kina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioathirika ubongo. Kiwango kinachotumika kwa samaki wengi ni miligramu 0.5 kwa kilo, na samaki wengi wa ziwa letu waliopimwa wamekuwa chini ya hapo, kwa hiyo sisemi watu waache samaki. Nasema sangara mkubwa sana asiwe kitoweo cha kila siku cha mjamzito. Sato na sangara mdogo wanatosha.

Sasa yale maji ya kijani. Baadhi ya mwani ule una sumu inayokaa zaidi kwenye ini na matumbo, na kuchemsha hakuiondoi. Sato aliyevuliwa akiwa hai, mbali na utando, mpare vizuri, toa matumbo yote na ini bila kuacha kipande, msafishe kwa maji ya kisima safi au ya bomba. Usimsafishe kwa maji yale yale ya mwaloni, nimewaona wengi mnafanya hivyo. Dagaa wa hapo mtoto asipewe, kwa sababu dagaa tunamla na utumbo wake. Supu ya vichwa na matumbo iache mpaka maji yasafike. Na samaki wa nusu bei anayeelea, nimeshasema, simnunui mimi na wewe usimnunue.

Dada zangu, tamaa ya faida ya siku moja imefunga vibanda vingi nilivyovijua. Mteja akiharisha akiwa na mtoto wake, harudi, na majirani zake hawaji. Muulize mvuvi. Bonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi. Fungua mashavu uone kama ni mekundu. Hayo yatakuambia samaki ni mbichi au amekaa, ila hayatakuambia habari ya zebaki wala dawa. Muulize mvuvi, narudia.

Na viongozi wetu nao tuwaulize. Mnofu wa sangara hauvuki mpaka kwenda Ulaya bila cheti, na maabara ya samaki ipo Nyegezi, Mwanza, siyo mbali. Samaki wa kwenye tenga langu, anayeliwa na mtoto wa Musoma, hana cheti hicho. Kila maji yanapobadilika rangi tunasubiri tamko, tunabishana vijiweni, na matokeo ya vipimo tunayasikia redioni kwa sentensi mbili. Kwenye kikao kijacho cha BMU, kikundi cha wavuvi na wananchi kinachosimamia mwalo, pale kwenu, mwambieni afisa uvuvi sampuli zipelekwe mapema, kabla tope halijatulia na mizoga haijaoza, na majibu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili: samaki gani alipimwa, alivuliwa wapi, nini kilikutwa na kwa kiasi gani. Mimi kwetu nimeshasimama nikasema, wakaandika kwenye daftari la kikao. Kikao kijacho nitauliza tena.