Kura Yangu Iombwe, Lakini Namba Yangu Umeipata Wapi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni haki mgombea kuomba kura kwa ujumbe mfupi wa simu unaotumwa kwa maelfu ya watu kwa mkupuo, na kama njia hiyo inamsaidia mpiga kura au inamsumbua tu. Jibu langu ni kwamba ni haki, ilimradi mwenye simu awe ameitoa namba yake mwenyewe kwa kazi hiyo. Sharti hilo ni jepesi kulitamka, ila hapa kwetu Tanga sijaona kampeni iliyolitimiza, na ndiyo sababu ya kujibu kwa kirefu. Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo huku Ngamiani. Miongoni mwa kazi zangu ni kuwatumia wanachama meseji za kuwakumbusha marejesho, mikutano na gawio, kwa hiyo mambo haya nayajua nikiwa mtumaji na nikiwa mpokeaji.

Kwa asiyeyajua, mambo yenyewe ni rahisi kuliko yanavyodhaniwa. Mtumaji hununua meseji kwa jumla kutoka kwa kampuni iliyounganishwa na mitandao ya simu, husajili jina la mtumaji lisilozidi herufi 11, hupakia orodha ya namba iliyopangwa kwenye kompyuta, huandika maneno yake na kubonyeza mara moja. Bei ya ujumbe mmoja haifiki shilingi mia. Ukilinganisha na gari la matangazo linalotaka mafuta, dereva, spika na mtu mwenye koo la kupiga kelele kutwa nzima kutoka Makorora hadi Duga, utaelewa kwa nini hata mgombea udiwani mwenye mfuko mwembamba huiona njia hii kuwa nafuu.

Nafasi ya ujumbe mmoja ni herufi 160, na nafasi tupu zikihesabiwa humo humo. Ukizidi hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa. Upo pia mtego ambao sisi tunaoandika Kiswahili tunaufahamu vizuri kuliko wengine, nao ni kile kialama cha ng'. Ukiandika ujumbe kwenye programu ya ofisini kisha ukaunakili, kialama hicho huwa kimepindishwa, nacho kikipinda hakimo tena katika herufi za kawaida za meseji, hivyo ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kubakiwa na nafasi 70 tu, ambazo nazo hupungua kidogo zaidi ujumbe ukikatwa vipande. Nimewahi kupokea ujumbe wa mgombea aliyeahidi kuung'arisha mji wetu, na nilipokitazama kile kialama nilimhurumia mhazini wake, kwa kuwa maneno ambayo yangeingia katika ujumbe mmoja yalikuwa yamelipiwa mara tatu kwa kila mpokeaji.

Sera haiingii katika herufi 160. Kinachoingia ni jina, chama, nafasi inayogombewa, ahadi moja na neno la heshima la kuomba kura, na sina ugomvi na hilo, kwa sababu bango la ukutani nalo halisemi zaidi. Tofauti ni kwamba bango linabandikwa njiani, mahali pa wote, ilhali meseji inaingia mfukoni mwangu kupitia namba ambayo kuna mtu aliitoa.

Mwaka 2020, kampeni zilipopamba moto, alikuja ofisini kwetu mpambe wa mgombea mmoja wa udiwani, kijana mwenye adabu zake. Alinipa shikamoo, akakaa, akazungumza habari za samaki kuadimika na bei ya nauli hadi nikaanza kujiuliza amefuata nini. Mwishowe akasema, "Mama, tunaomba ile listi ya wanachama. Majina hatuna haja nayo, namba tu." Nikamwambia, "Mwanangu, namba hizo si zangu." Akasema mwenyekiti hatajua, na kwamba mzee wao akipita hatakisahau chama chetu. Nikamwambia aandike barua kwa bodi, aeleze anachotaka na atakachokifanyia. Barua haikuja hadi leo.

Sina haja ya kujisifu kwa kukataa, kwa sababu si kila mwenye orodha ana bodi ya kumsingizia. Orodha za namba zimejaa mjini: wazazi wa shule, wanachama wa vikoba, wanakwaya, wazazi wa madrasa, wagonjwa walioacha namba mapokezini, daftari la wakala wa pesa lenye namba na jina la kila aliyetoa au kuweka, na zile kamati za harusi ambazo hukusanya namba za nusu ya mji kwa ajili ya michango kisha hubaki kwenye simu ya katibu miaka na miaka. Kila moja iliandikwa kwa nia njema, na kila moja ina mtu mmoja anayeweza kuitoa kwa dakika mbili bila mwenye namba kujua. Wapambe wanalielewa hili vizuri. Hawaendi kwenye mitandao ya simu, ambako kuna taratibu na wanasheria. Wanakwenda kwa katibu.

Mwaka 2025 nilipata ushahidi mkononi mwangu. Nina laini ya pili ambayo sijaiandikisha popote ila kwenye shule moja anakosoma mjukuu wangu, kwa sababu laini ya kwanza hujaa simu za wanachama mchana kutwa. Usiku mmoja, saa tano imekwishapita, laini hiyo ilipokea ujumbe ulioanza kwa maneno "Mzazi mpendwa", kisha ukaendelea kumsifu mtu anayetaka kuteuliwa na chama chake kugombea. Sijui ni mkono gani uliopitisha orodha, na simtaji mtu. Lakini lile neno "mzazi" lilinitosha, na tangu siku hiyo nikiona meseji ya shule huisoma mara mbili kabla ya kuiamini, jambo ambalo si la haki kwa walimu wanaotuambia siku ya mtihani.

Kutoaminiana huku kuna gharama kubwa mahali ambapo kila mtu amekwishapata ule ujumbe wa matapeli usemao "ile hela itume kwenye namba hii". Watu wamejifunza kwa uchungu kwamba meseji ya ghafla kutoka kwa wasiyemjua ni ya kufutwa. Mgombea anayepita mlango huo huo asishangae akifutwa pamoja na matapeli.

Isitoshe, orodha zenyewe hazimfikishi anakotaka. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, ambapo mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019 ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, wazee wengi hawakuwa na kitambulisho, au vidole vyao vilivyosuguliwa na kazi vilikataliwa na mashine, wakasajiliwa na watoto wao. Shangazi yangu wa Pongwe anatumia laini iliyosajiliwa na mwanawe anayekaa Dar es Salaam, na yule mwanawe ana laini aliyoondoka nayo Tanga tangu ujana. Mgombea udiwani anayenunua namba za "watu wa Tanga" humlipia huyo wa Dar ujumbe ambao hana kura ya kuujibu.

Kisheria, mambo yameanza kubadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na msingi wake mmoja ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo fulani isitumike kwa lengo jingine lisiloendana na lile la kwanza. Namba ya mzazi iliyoandikwa kwa ajili ya taarifa za shule haina ukoo wowote na kampeni. Kwa maoni yangu, jambo hili halihitaji wakili. Linahitaji makatibu, mawakala na wahasibu waambiwe wazi kwamba orodha zilizo mikononi mwao ni amana yenye sheria nyuma yake.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa kwa ridhaa, mfano upo. Agosti 2008, Barack Obama alipomteua Joe Biden kuwa mgombea mwenza, habari hiyo ilitumwa usiku wa manane kwa meseji kwa watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2.9. Watu hao walikuwa wametuma namba zao wenyewe kwa kuahidiwa kwamba wangekuwa wa kwanza kujua. Meseji ya saa tisa za usiku waliingoja wenyewe, ilhali yangu ya saa tano ilinikera, na kinachozitenganisha ni kuombwa ruhusa, wala si saa. Hata utafiti uliofanywa Marekani katika uchaguzi wa mwaka 2006, ulioonyesha kwamba meseji ya kukumbusha siku ya kura iliongeza wapiga kura kwa takriban asilimia 3, ulihusu watu walioandikishwa karibuni na ambao waliacha namba zao za mkononi wenyewe.

Nawaomba wasomaji wasiishie kwenye takwimu hiyo ya kutia moyo, kwa sababu jirani zetu Kenya wana nyingine. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, tume ya uchaguzi ya huko, ikishirikiana na watafiti, ilituma meseji milioni 11 kwa wapiga kura wapatao milioni 2. Waliojitokeza waliongezeka, lakini kwa chini ya asilimia moja. Na walipoulizwa baadaye, waliopokea meseji walikuwa na imani ndogo na tume kuliko wasiopokea. Maelezo ya watafiti ni kwamba meseji zilipandisha matumaini, kisha mashine za kutambua wapiga kura na za kupeleka matokeo zikakwama siku yenyewe. Nalielewa hilo kwa kazi yangu: mwanachama uliyemtumia ujumbe kwamba mkopo utatoka Ijumaa ana hasira zaidi Jumatatu kuliko yule ambaye hukumwambia kitu.

Wapo watakaosema dawa ni kufunga kabisa. Tumekwishaijaribu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliagiza huduma za meseji na simu za mkupuo zisimamishwe kuanzia Oktoba 24 hadi Novemba 11, 2020, wakati upigaji kura ulikuwa Oktoba 28. Agizo hilo halikumchagua mchochezi na kumwacha karani. Sisi wa akiba na mikopo tulirudi kubandika matangazo mlangoni na kupiga simu moja moja, na nina hakika hospitali na shule nazo zilihangaika vivyo hivyo, ilhali uvumi uliendelea kupita kutoka simu hadi simu kama kawaida, kwa sababu uvumi hauhitaji kampuni ya kuusambaza. Kenya ilichagua njia nyingine. Wakati wa machafuko ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, ambapo meseji za chuki zilienea sana na serikali ikafikiria kuzima huduma, kampuni ya simu ya Safaricom, chini ya mkuu wake Michael Joseph, iliwatumia wateja wake meseji za amani. Na mwaka 2012 ukatolewa mwongozo unaotaka ujumbe wa kisiasa wa mkupuo uwasilishwe kwa mtandao wa simu saa 48 kabla ya kutumwa, mtumaji akijulikana. Mwongozo wa namna hiyo una hatari yake, kwani anayekagua maneno anaweza kuwa na upande, lakini ni afadhali kuliko kufuli kwa wote.

Kwetu, ningependa mambo matatu yaanze, nami nayataja kwa ufupi kwa kuwa hayana ugumu. Maadili ya uchaguzi huitaka mikutano ya kampeni iishe saa 12:00 jioni. Meseji nazo zishike saa hizo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 humtaka mgombea atoe hesabu za matumizi. Basi ankara ya meseji iwekwe humo pamoja na maelezo ya orodha ilikotoka, kwa sababu orodha iliyotolewa na rafiki bure nayo ni mchango. La tatu, ambalo kwangu ndilo zito, ni kwamba ujumbe uwe na namba inayoweza kujibiwa. Jina la mtumaji la herufi 11 halijibiki. Ukijaribu, simu hukuambia ujumbe haukutumwa, na hapo mpiga kura anakuwa ameambiwa asikilize tu.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, mgombea mmoja wa uenyekiti wa mtaa, si mbali na kwetu, aliweka namba yake ya kila siku mwishoni mwa meseji. Alipigiwa kuhusu taka, taa za barabarani, mirathi, mbuzi waliokula bustani ya mtu, na hasa kuhusu mitaro inayofurika kila masika, hadi akamkabidhi mpwa wake simu apokee na kuandika kwenye daftari. Wapambe wenzake walimwona mjinga kwa kujitafutia kero. Mimi pia nilimpigia, kuhusu mtaro wa barabara yetu, na hatukuelewana juu ya nani alipe vibarua wa kuuzibua. Akaniahidi kuja kuuona, akaja kweli siku ya pili, tukabishana tena pale pale mtaroni mbele ya majirani. Kama nilimpa kura au sikumpa, hilo nimeliacha kwenye sanduku.

Karani wa ushirika, Ngamiani, Tanga