Sarafu zilizogoma Wete

SWALI: Asalaam aleikum, Mwalimu. Mjukuu wangu ana gemu ya magari kwenye simu. Kila akishinda anapewa sarafu. Juzi zimefika 2,147,483,647 zikagoma, hata ashinde vipi haziongezeki. Mimi nilikuwa karani wa mizani ya karafuu, namba ikinikaa mbele siwezi kuiacha. Nimeigawa kwa 3, kwa 7, kwa 9, kwa 11. Kila mara inabaki 1! Hapa pana nini?
Karani mstaafu, Wete

JIBU: Waaleikum salaam, karani. Simu ni nzima. Waliotengeneza gemu wameipa hesabu ya sarafu nafasi 32, na nafasi 32 unazo hapo barazani: mashimo ya bao. Tulicheze kwa sharti jipya. Shimo ama lina kete moja, ama tupu. Nyumba yako tuitoe, itunze alama tu, ya chanya au hasi. Yanabaki 31. Kete ya shimo la kwanza ni 1, la pili 2, la tatu 4, kila moja mara mbili ya lililotangulia, hadi la 31 ambalo kete yake ni 1,073,741,824. Yajaze yote, ujumlishe: namba yako ile ile. Sarafu ya ziada haina pa kukaa.

Lakini hiyo baki ya 1 ndiyo iliyonifanya niweke kikombe chini. Punguza 1, upate 2,147,483,646. Jirani huyu anakatika kama mkate wa kumimina: kwa 2, 3, 7, 9, 11, 31, 151, hata 331. Wewe umepiga hodi kwake mara nne bila kujua. Ungeanza na 5 ungebakiwa na 2, na kwa 13 ungebakiwa na 10, wala usingeniandikia.

Namba yako yenyewe ni tasa, haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St. Petersburg, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamekufa kabisa. Hakugawa ovyo kama sisi. Alijua kwamba kigawo kikiwepo, ukikigawa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Tena hakuna haja ya kupita 46,340, maana kigawo kikubwa kuliko hapo kingekuwa na mwenzake mdogo aliyekwisha kujaribiwa. Vya kujaribu havikufika 400. Mimi, na macho yangu na taa yangu, nimeanza mara mbili nikaishia cha 40.

Mjukuu mwambie hivi: kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwaka 1970 uanze, kwa nafasi hizo hizo 32, zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Akiamka mapema ataona kwamba hazigomi kama sarafu zake, bali nyingi zinaruka kwenye hasi na kurudi nyuma hadi mwaka 1901.