Maswali ya Wasomaji: Mbona Marko anaishia kwenye woga?

*Shikamoo Mzee. Ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Naongoza kikundi cha akina mama, tunasoma Biblia kila Alhamisi jioni, na sasa tumeanza Injili ya Marko. Mwanangu wa kidato cha tatu aliifungua Biblia yangu akaona mlango wa 16, kuanzia mstari wa 9, umefungwa kwa mabano, na chini ya ukurasa pameandikwa kwamba nakala za kale hazina maneno hayo. Akaniuliza, "Mama, kumbe Biblia imechezewa?" Nilikosa la kusema. Tena akina mama wenzangu wanauliza: kwa nini katika Marko Yesu akishamponya mtu anamkataza asiseme? Nisaidie kabla hatujafika huko.*
*Mama wa watatu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Nianze na huyo kijana, maana ameuliza swali la maana na anastahili kujibiwa, asinyamazishwe.

Injili hii ilinakiliwa kwa mkono karibu miaka 1,400 kabla ya mitambo ya kuchapa vitabu. Nakala mbili kongwe zenye Marko yote, ile iliyokuwa Sinai na ile iliyoko Vatikano, ni za karne ya 4. Zote mbili zinakoma mstari wa 8. Wanawake watatu wamelikuta kaburi wazi, kijana aliyevaa vazi jeupe amewapa ujumbe, nao wakatoka mbio wanatetemeka, wasimwambie mtu neno, "kwa maana waliogopa". Basi, kimekwisha.

Mistari ya 9 hadi 20 nayo si ya jana. Irenayo, askofu wa Lyon, aliunukuu mstari wa 19 karibu mwaka 180. Lakini isome polepole, utasikia sauti imebadilika. Maria Magdalene anatambulishwa upya, kwamba ndiye aliyetolewa pepo saba, na hali ametajwa mwanzoni mwa mlango huohuo. Wengi wa wataalamu wanaona kwamba Wakristo wa kale, kwa kuona habari imekatika, waliikamilisha kwa mambo yaliyokwisha kujulikana: Magdalene kumwona Bwana, lipo kwa Yohana, wanafunzi wawili njiani, wapo kwa Luka. Eusebio wa Kaisaria, askofu na mwanahistoria wa kanisa, aliliandika wazi suala hili katika karne hiyohiyo ya 4. Mwambie kijana kwamba anayechezea kitabu huficha alama za mkono wake. Waliochapa Biblia yako wameweka mabano na maelezo chini ili hata mtoto wa kidato cha tatu ayaone.

Sasa lililo zito zaidi. Ikiwa Marko alikomea hapo, alitaka nini?

Mapokeo ya kale yanasema mwandishi ni Yohana Marko, mtoto wa yule Maria wa Yerusalemu ambaye nyumbani kwake waumini walikuwa wakiomba Petro alipotoka gerezani. Papia, askofu wa Hierapoli, mwanzoni mwa karne ya 2, alisema Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika aliyoyakumbuka kwa uangalifu, ingawa si kwa mpangilio. Mimi naliamini hilo kwa sababu ya vitu vidogo. Majani waliyokalishwa watu 5,000 yalikuwa mabichi. Na katika dhoruba Yesu amelala kwenye shetri, juu ya mto. Mto huo hautajwi na mwinjili mwingine yeyote. Nilipokuwa nafundisha watoto huku Tanga, binti mmoja aliniuliza mto uliingiaje chomboni. Alifikiri ni mto wa maji! Nikamweleza kuwa ni mto wa kulalia, lakini shetri yenyewe hata mimi nilikuwa sijaielewa. Nilikwenda ufukweni kwa jirani yangu nahodha, Mwislamu mcha Mungu, akanipandisha kwenye dau lake. Akanionyesha pale nyuma, karibu na mshika usukani, akasema, "Mwalimu, mgeni aliyechoka tunamlaza hapa." Tangu siku ile nikisoma mlango wa 4 namwona mtu aliyechoka hasa, amejikunja mahali pa mgeni, na Petro amesimama juu yake amelowa, anamwamsha kwa hasira ya woga.

Kuhusu wasomaji wake wa kwanza, kitabu chenyewe kinatuonyesha. Marko anaeleza desturi ya Wayahudi ya kunawa mikono, jambo ambalo Myahudi hahitaji kuelezwa. Anatafsiri maneno ya Kiaramu: Talitha kumi, Efatha. Lakini senti mbili za yule mjane anazibadilisha kwa pesa ya Kirumi, kama vile mtu akuhesabie baisa za Oman halafu akugeuzie shilingi upate kuelewa. Wengi wanasema aliandikia Roma, kati ya mwaka 65 na 70 hivi. Mwaka 64 mji wa Roma uliungua, na Kaisari Nero akawasingizia Wakristo. Mwanahistoria Tasito, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, anasimulia jinsi walivyovikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, na wengine kuwashwa moto wawe taa za usiku. Anasema pia kwamba waliokamatwa kwanza walikiri, na kwa habari zao wengi wakakamatwa. Fikiri hilo, mwanangu. Katika kanisa lile walikuwamo watu waliowataja ndugu zao kwa hofu. Walikuwamo waliokimbia. Jumapili inayofuata wanakaa wapi?

Hao ndio walioletewa kitabu ambamo mitume wote wanakimbia, na kijana mmoja anaacha shuka mikononi mwa waliomkamata akatoroka uchi.

Ndipo utaona kwa nini Yesu anawakataza watu wasiseme. Watu walimngoja masihi wa upanga, wa kumfukuza Mrumi. Habari za miujiza peke yake zingewapa huyohuyo. Mlango wa 8 kuna kipofu wa Bethsaida anayeponywa kwa hatua mbili. Mara ya kwanza anaona watu kama miti inayotembea. Mara tu baada yake Petro anasema, "Wewe ndiwe Kristo," halafu anaukataa msalaba. Ameona nusu, ameona miti. Ufunguo uko 9:9: wasiseme mpaka Mwana wa Adamu atakapofufuka. Na binadamu wa kwanza kutamka waziwazi kuwa mtu huyu ni Mwana wa Mungu ni akida wa Kirumi, akiitazama maiti msalabani.

Akina mama waangalie na hili. Baadhi ya waliokatazwa kusema walisema. Yule mwenye ukoma hakungoja hata siku ipite. Wanawake walioambiwa waseme, wakanyamaza.

Mimi nalielewa kwa mwili wangu. Mwaka wa pili wa uinjilisti nilikitoroka kituo changu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amefariki kule, na usiku mmoja nilifunga sanduku la bati, alfajiri nikapanda lori la samaki. Miezi minne baadaye mwinjilisti mzee alikuja nyumbani kwa baba yangu. Hakunilaumu. Alikula ugali, akanawa, akanifungulia Matendo 13 nisome jinsi Yohana Marko alivyowaacha Paulo na Barnaba pale Perge akarudi kwao. Halafu akanifungulia 2 Timotheo 4:11, Paulo amefungwa, anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Akaniuliza, "Baiskeli yako bado nzima?" Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilirudi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Alhamisi moja someni Marko yote kwa sauti, mkipokezana. Ni kama saa moja na nusu, na ndivyo walivyoipokea wa kwanza, kwa masikio. Mkifika 16:8 nyamazeni kidogo. Kisha umwite kijana wako arudi mstari mmoja nyuma, asome wale wanawake walitumwa kwa nani: "wanafunzi wake, na Petro". Mathayo anaieleza asubuhi hiyohiyo bila kumtaja Petro. Muulize, kwa nini Petro ametajwa kwa jina, na ni nani anayeweza kuwa aliyakumbuka maneno hayo mawili miaka 30 na zaidi.